Pemba, Wanja na Poda: Madini ya Kujipamba Yakitazamwa kutoka Kipushi

Kipushi, mji wa mgodi katika eneo la Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulio umbali wa kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, ukingoni kabisa mwa mpaka wa Zambia, umejulikana kwa shaba na zinki tangu kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzisha hapo, mwaka 1924, mgodi ulioitwa kwa jina la mwanamfalme Léopold wa Ubelgiji. Ni nadra mji huo kutajwa panapozungumzwa urembo, ilhali mwamba wake una madini matatu yenye nafasi kubwa katika historia ya vipodozi: galena, yaani risasi iliyoungana na salfa, ambayo tangu kale husagwa kuwa wanja; madini ya shaba, ambayo yakichakaa karibu na uso wa ardhi huweza kugeuka malakiti, jiwe la kijani; na sfaleriti, yaani zinki iliyoungana na salfa, ambayo ni chimbuko la poda nyeupe za kisasa.

Mazoea ya kutafuta mawe yenye rangi ni ya kale mno katika ukanda huu. Huko Twin Rivers, karibu na Lusaka, wanaakiolojia wamefukua vipande vya madini ya chuma vyenye alama za kusuguliwa, vilivyokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 200,000, na ingawa wataalamu wanabishana kama rangi hiyo ilipakwa mwilini au kwenye vitu, hakuna anayekana kwamba ilitafutwa kwa makusudi.

Kwa watu wa Katanga na majirani zao, hata hivyo, rangi iliyotawala ilikuwa nyeupe, na chanzo chake si madini ya chuma wala ya shaba bali pemba, yaani udongo laini wa kaolini. Miongoni mwa Waluba pemba ilikuwa alama ya usafi na ya ulimwengu wa mizimu. Waganga wa kupiga ramli, waitwao bilumbu, walijipaka udongo huo walipopandwa na pepo, na palikuwa na vinyago vya mwanamke aliyeshika bakuli, viitwavyo mboko, ambamo pemba ilihifadhiwa ili aliyefika mbele ya mtawala au mganga achote kidogo na kujipaka kifuani na mikononi kwa heshima. David Livingstone, alipopita mwaka 1854 katika himaya ya chifu Shinte wa Walunda, upande ambao leo ni kaskazini-magharibi mwa Zambia, aliona desturi ya jamaa moja na hiyo: watu wa kawaida walijisugua mchanga mikononi na kifuani walipomsalimu mkubwa, na waliotaka kuonyesha adabu zaidi walikuja na majivu au udongo mweupe waliouweka katika kipande cha ngozi. Kuiita desturi hii urembo tu ni kuipunguza, kwa sababu aliyejipaka hakutafuta kusifiwa uso. Alitangaza cheo chake, hali yake na uhusiano wake na waliotangulia. Pemba haijatoweka: bado huuzwa sokoni, ingawa siku hizi wanunuzi wake wengi ni wajawazito wanaoila.

Malakiti ilifuata njia tofauti. Wamisri wa kale waliisaga juu ya vibao vya mawe na kupaka kope kijani, lakini Katanga, yenye malakiti tele, iliipeleka kwenye tanuru, na pambo likawa ni metali yenyewe. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux mwaka 1957 na 1958, yalitoa bangili na mikufu ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu.

Galena ndiyo iliyoenea kuliko zote. Kutoka Misri hadi India na Uarabuni, ambako Waswahili wa pwani walipata wanja wa manga, jiwe hilo lilisagwa na kupakwa machoni, na mara nyingi kilichouzwa kwa jina la antimoni kilikuwa risasi. Wamisri walijitengenezea pia chumvi za risasi zisizopatikana kirahisi katika maumbile, na mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kiasi kidogo sana cha chumvi hizo kinaweza kuamsha kinga ya mwili dhidi ya vijidudu. Ugunduzi huo hauitakasi risasi. Poda nyeupe ya risasi, iliyopendwa na mabibi wa Ulaya na waigizaji wa Japani, ilidhuru wengi kabla Japani haijapiga marufuku matumizi yake katika vipodozi katika miaka ya 1930.

Nafasi ya risasi ilichukuliwa kwa sehemu kubwa na oksidi ya zinki, unga mweupe unaopatikana mvuke wa zinki unapoungua hewani, ambao mpaka rangi Edme-Jean Leclaire aliutengeneza kwa wingi mjini Paris katika miaka ya 1840 ili kuwaokoa mafundi wake na sumu ya risasi. Unga huo uliingia katika poda za uso, katika dawa ya majimaji ya waridi ya kutuliza mwasho iitwayo kalamaini, na baadaye katika krimu za kukinga jua. Kipushi ikawa miongoni mwa migodi mikubwa ya metali hiyo: kati ya 1924 na 1993, ulipofungwa chini ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mgodi ulitoa takriban tani milioni 60 za mawe, yenye zinki asilimia 11 na shaba asilimia 7 hivi. Zinki nyingi iliishia kwenye mabati na betri. Vipodozi huchukua sehemu ndogo, na haki inadai hilo lisemwe.

Upande wa pili wa historia hii ni vumbi. Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kobalti, risasi na kadimi kwa viwango vya juu katika mikojo ya wakazi wa kusini mwa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya metali. Kadimi na risasi, ambazo mtengenezaji wa poda hulazimika kuziondoa ili bidhaa yake ikubalike, hubaki kule jiwe linakochimbwa na kuyeyushwa. Mgodi wa Kipushi ulianza kuzalisha tena Juni 2024, na makinikia yake, yaani unga wa mawe uliotenganishwa na takataka lakini haujayeyushwa, husafirishwa kwenda kuyeyushwa nje ya nchi.