Uzuri wa Mkakasi

Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi." Wengi wetu tumezoea kuitumia methali hii kwa wanadamu: mwenye sura njema asiye na tabia. Mimi, kwa kuwa ni mshonaji wa vyombo vya kitambaa, huichukua pia kwa maana yake ya wazi. Chombo huwa na mwili na huwa na ngozi, na mara nyingi ngozi ndiyo inayoamua chombo kitaishi miaka mingapi.

Vyombo vyangu ni mabakuli ya vipande vya kanga na amerikani, navishona tabaka juu ya tabaka na kuvikaza juu ya bakuli la udongo mpaka vishike umbo. Kitambaa kitupu hakisimami. Lazima kipakwe kitu. Nimejaribu wanga wa muhogo, kama wanaofua kofia wanavyofanya. Hukauka mgumu na haufichi maandishi ya kanga, lakini masika yakiingia bakuli hulegea kama mkate uliochovywa chai, na mende huliona chakula. Nimejaribu nta ya nyuki. Maji huteleza juu yake, ila jua la dirishani likilipata, bakuli huinama. Nimejaribu vanishi ya dukani. Hiyo hudumu, lakini hugeuza kitambaa kuwa cha manjano, na kidole kikikigusa hakikutani tena na nguo.

Neno vanishi ndilo lililonirudisha kwenye historia ya pwani yetu. Katika karne ya 19 moja ya bidhaa kubwa za Unguja ilikuwa sandarusi, utomvu wa msandarusi uliogandamana. Iliyo bora kupita zote haikugemwa mtini. Ilichimbwa ardhini, katika mwambao wa bara unaoelekea Unguja, mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kufa zamani. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, waliifuata, na mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Meli zao zilileta nguo ya pamba ambayo mpaka leo tunaiita amerikani. Zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Huko Salem sandarusi ilisafishwa, kisha watengenezaji vanishi wakaiyeyusha kwa moto mkali sana, wakaichanganya na mafuta ya kitani na tapentaini, na kung'arishia magari ya farasi na samani.

Hebu fikiri, msomaji wangu. Meli ile ile iliyotuletea kitambaa iliondoka na ngozi ambayo ingeweza kukihifadhi. Sisi tulibakiwa na nguo, wao wakapata mng'aro, na faida kubwa ya mng'aro ni ya anayejua kuupika.

Wengine waliuweka mwili na ngozi pamoja. Wachina wa kale, na baada yao Wajapani, walitanda vitambaa vya katani juu ya kiini cha udongo, wakavigandisha kwa laka, tabaka baada ya tabaka. Vilipokauka waliutoa udongo, kikabaki kitu chepesi chenye uvungu. Katika hekalu la Kofukuji, mjini Nara, ipo sanamu ya Ashura ya mwaka 734 iliyofanywa hivyo. Kimo chake ni sentimita 153, na uzito wake kiasi cha kilo 15 tu. Mwaka 1180 hekalu lilichomwa vitani, lakini sanamu ipo mpaka leo; chombo chepesi hubebeka wakati watu wanakimbia moto.

Laka hiyo ina ajabu yake: hukauka vizuri penye joto na unyevu, hali ile ile ya masika inayoyalegeza mabakuli yangu. Mti wake ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Aliyewahi kubangua korosho anayajua mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi. Laka mbichi nayo huwasha vivyo hivyo.

Hata hivyo laka huficha kitambaa chote. Ninalo bakuli moja nililolishona kwa kanga ya marehemu mama yangu, na maandishi yake yanasomeka ukingoni. Ngozi ya kuliokoa kwa miaka elfu ingeyazima maneno hayo, na bila ngozi yoyote litaoza kabla ya wajukuu kulishika. Kwa muda mrefu sikujua nishike lipi.

Jibu nililipata kwa mabaharia wa kwetu. Wao hukipaka chombo deheni, yaani chokaa na shahamu, wakijua fika kwamba itaisha. Ikiisha, chombo hupandishwa pwani, hukwanguliwa, hupakwa tena. Hawamwoni fundi kuwa ameshindwa kwa sababu deheni imetoka. Kupaka upya ni sehemu ya kuwa na chombo.

Basi bakuli la mama nimelipaka wanga peke yake. Kila baada ya masika nalivua vumbi, nalikaza upya juu ya udongo wake, nalipaka. Binti yangu sasa anajua kupika wanga huo bila mabonge, na mwaka jana alilipaka yeye.