Bunduki ya Kujipakia, si Nusu-Otomatiki

Kijitabu kimoja cha usalama wa silaha, kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya familia za Wakongo waliohamia Marekani, kinamshauri anayeanza mchezo wa shabaha atafute "bunduki nusu-otomatiki" ya bei nafuu. Wasomaji wake wengi ni watu wa Fizi na Baraka, waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuvuka bahari. Kurasa zake zimerudi nyumbani kwa simu za jamaa hadi Lweba, kando ya Ziwa Tanganyika, na huko wazee waliosomewa waliuliza jambo ambalo mfasiri alipaswa kujiuliza kwanza: nusu ya nini?

Kijitabu hakijibu. Ni nusu ya nguvu? Nusu ya masasi? Mwenye Kiswahili chake akisikia nusu anasikia upungufu: nusu kilo, nusu saa, nusu mshahara. Bunduki inayosemwa haina upungufu wowote. Kifyatuo kikivutwa, risasi moja hutoka; nguvu ya risasi hiyohiyo hurudisha bolti nyuma, hutupa ganda, hukoki, na springi husukuma risasi nyingine ndani ya chemba. Kidole kikiachia na kuvuta tena, risasi ya pili hutoka. Yaani mlio ukiisha tu, bunduki imekwisha kuwa tayari kuua tena. Hilo ndilo jambo la kwanza anayeishika anapaswa kulijua, na ndilo hasa ambalo "nusu" inalificha.

Mwandishi wa makala haya anatetea jina moja: bunduki ya kujipakia. Aliliwasilisha zamani mbele ya kikao cha istilahi, kikao ambacho hakina haja ya kutajwa, akarudishiwa maelezo ya mstari mmoja kwamba jina ni refu na lina utata. Kikao hakikumwita ajieleze, wala hakikuonyesha utata wenyewe uko wapi. Maelezo ambayo hakupewa nafasi ya kuyatoa ni haya.

Kiswahili hakikuanza jana kuzipa bunduki majina. Neno bunduki lenyewe ni la Kiarabu, na huko lilitaja kwanza aina ya njugu, lililotokana na Kigiriki kwa njugu za Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi. Njugu ikawa jina la kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde, kidonge kikawa risasi, na risasi ikaipa silaha jina lake. (Wapo wanaoshikilia kwamba neno latoka Venice, kwa kuwa Waarabu huuita mji huo al-Bunduqiyya. Kufanana kwa sauti si ushahidi, na kidonge cha upinde kinatosha kueleza safari yote.) Lilipofika pwani yetu, wenye lugha walianza kuzitenganisha bunduki, na namna walivyozitenganisha ndiyo kiini cha hoja. Walisema bunduki ya mrao, ile iliyowashwa kwa utambi. Wakasema bunduki ya gumegume, yaani ya jiwe la kugonga cheche. Kisha bunduki ya fataki. Na zilipokuja zile za kutiwa risasi kwa nyuma badala ya kushindiliwa mdomoni, wakasema bunduki ya viasi. Kila jina linaeleza jinsi bunduki inavyolishwa au inavyowashwa. Hakuna hata moja linaloipima kwa robo au nusu. Hata bombomu, jina la bunduki ya rasharasha, lilitokana na mlio uliosikika masikioni. Bunduki ya kujipakia inakaa mwishoni mwa safu hiyo bila kusukumwa.

Sasa hilo otomatiki. Kigiriki automatos ni kitu kinachotenda kwa nafsi yake, na sehemu ya kwanza, auto, ni nafsi yenyewe. Kiswahili kina silabi moja inayofanya kazi hiyo kila siku: ji. Kujifunza, kujitegemea, kujipakia. Hakuna ubaya kukopa. Maneno mengi ya makala haya ni ya kukopa, na nusu yenyewe tuliitoa kwa Waarabu. Ubaya ni kuacha kiungo tulichonacho, kikiwa hai vinywani mwa watoto, tukaagiza cha Kigiriki, kisha tukakikata katikati.

Wala si Waswahili peke yao wanaoiona bunduki hii hivyo. Bunduki fupi ya Sergei Simonov iliyotumiwa na jeshi la Umoja wa Kisovyeti, ambayo dunia nzima inaiita SKS, ina herufi ya kwanza inayosimamia neno la Kirusi lenye maana ya kujipakia. Hakuna nusu ndani yake. Wajerumani husema Selbstlade, kitu kilekile. Waingereza, jeshi lao lilipochukua bunduki ya FAL ya kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, waliirekebisha isimimine risasi na kuipa jina la Self-Loading Rifle, bunduki ya kujipakia. Baada ya mauaji ya Hungerford ya Agosti 1987, sheria yao ya 1988 ilizipiga marufuku bunduki za kujipakia mikononi mwa raia, isipokuwa zile ndogo za .22, na jina hilohilo ndilo lililotumika katika sheria. Wabelgiji, kwa upande wao, waliiita FAL "otomatiki nyepesi", jina ambalo halimwambii mtu kama silaha iliyo mbele yake hufyatua moja moja au humimina.

Kuhusu utata: wapinzani wanadai kwamba kujipakia kutachanganywa na kujipaka mafuta. Hoja hii haistahili kikao. Paka ni kitenzi kimoja, pakia ni kingine, na aliyewahi kusimama ufukweni Lweba akiona mashua ikipakiwa mihogo na samaki hawezi kuvichanganya. Wengine wanasema pakia imekwisha kuchukuliwa na watu wa kompyuta kwa maana ya kupandisha faili. Vizuri. Kitenzi kinachobeba mzigo, risasi na faili ni kitenzi chenye afya, si kitenzi kilichochoka. Tena kina mwenzake ambaye otomatiki haina: pakia, pakua, kama funga na fungua, ziba na zibua. Bunduki ya kujipakia ni lazima ipakuliwe na mtu, kwa sababu inajipakia yenyewe lakini haijipakui. Kuchomoa magazini hakutoshi. Risasi moja hubaki chembani, na ndiyo inayoua watu majumbani. Kwenye uwanja wa shabaha amri "Pakia!" na "Pakua!" zinaeleweka kwa mtoto na mzee. Wenye nusu-otomatiki watuonyeshe amri yao.

Kuna na pendekezo la "kujijaza". Ni afadhali, lakini kujaza ni kufanya kitu kijae, na bunduki hii haijijazi: magazini huishiwa, na mkono wa mtu ndio huirudishia. "Kujikoki" wanayosema vijana ina ukweli wake, ila inataja hatua moja tu kati ya nne.

Matumizi yachukue mistari michache. Anayetaka bunduki ya kujipakia ya shabaha, imara na isiyomfilisi, aanze na .22, kwa kuwa risasi zake ni rahisi na haipigi bega: Ruger 10/22, inayouzwa tangu 1964, ina magazini ya risasi 10 na vipuri tele; Marlin Model 60, iliyoanza 1960, hubeba risasi katika bomba chini ya mtutu, kwa hiyo kuipakua kunataka uangalifu zaidi. Asome sheria ya alipo kabla ya kununua. New Zealand ilizipiga marufuku bunduki nyingi za kujipakia baada ya mauaji ya Christchurch ya Machi 2019, na nchini Kongo silaha ya raia ina masharti yake ya kisheria.

Fizi hakuna mchezo wa shabaha. Watu wa huko walijifunza silaha kwa njia nyingine: uasi wa miaka ya 1964 na 1965, Che Guevara na Wakuba wake waliovuka ziwa kutoka Kigoma, ngome ya waasi wa Laurent-Désiré Kabila kuanzia 1967, kisha vita vya 1996 na vilivyofuata. Mama anayeuza dagaa Baraka anaweza kutofautisha kwa sikio silaha inayofyatua moja moja na ile inayomimina. Ndiyo maana mwandishi hakubali kwamba neno hili ni la wataalamu peke yao. Silaha zinapokusanywa na kuandikwa daftarini, karani anayeandika "nusu-otomatiki" kwa SKS na "otomatiki" kwa AK anawaandikia watu wasioweza kulisahihisha daftari lake.

Kumimina, basi, kuwe jina la upande wa pili. Redio na magazeti yamezoea kusema askari walimimina risasi, na hakuna aliyehitaji kamusi. SKS ni bunduki ya kujipakia. Bombomu ni bunduki ya kumimina. AK yenye swichi yake ubavuni ni ya kujipakia na kumimina, kulingana na swichi ilipowekwa. Kuhusu urefu uliolalamikiwa, bunduki nusu-otomatiki ina silabi kumi. Bunduki ya kujipakia ina tisa.