Ethi, Chanya na Hasi: Historia Fupi ya Maneno ya Betri ya Gari

Utangulizi

Kusudi la makala haya ni kufuatilia historia ya maneno machache yanayotumika pale fundi anapoitoa betri iliyochoka katika gari la zamani na kutia nyingine mahali pake. Huenda msomaji akauliza jambo dogo namna hii lina uzito gani mbele ya chombo cha kusimamia lugha ya taifa. Jibu ni kwamba katika kazi hii yamo maneno mawili ambayo watu wengi, pamoja na waandishi wa vitabu vya kufundishia, huyadhania kuwa na maana moja, kumbe sivyo. Mtu akikosea ngeli, msikilizaji atamsahihisha. Akikosea maneno haya, mkono wake una spana na betri imejaa umeme.

Ili tusizungumze hewani, na tuchukue mahali pamoja pawe mfano wetu. Kata ya Mahongole imo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe. Isichanganywe na Mahongole nyingine iliyoko Mbarali, mkoani Mbeya. Makambako ni njia panda: hapo barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana na ile iendayo Njombe na Songea, na hapo pia pana stesheni ya reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Magari ya kila namna yamepita huko tangu zamani: malori, magari ya serikali, ya misheni, na yale ya wasafiri wa masafa marefu yenye vitanda na jiko ndani yake, ambayo hapa tutayaita magari ya kulala.

Nyanda hizi zina baridi kali, hasa mwezi wa Juni na Julai. Katika baridi utendaji wa kikemia ndani ya betri hupungua kasi, na wakati huo huo oili ya injini huwa nzito, hivyo stata huhitaji nguvu nyingi zaidi. Betri iliyokuwa ikijikongoja katika joto la pwani hufichuliwa siri yake asubuhi moja Mahongole.

Umeme na betri

Neno umeme ni la kale kuliko mashine zote tunazozitaja. Katika kamusi ya Ludwig Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, umeme ni ule mwako unaoonekana mawinguni wakati wa mvua. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1881, Mfaransa Camille Faure alikuwa ameiboresha betri ya risasi na asidi iliyobuniwa na mwenzake Gaston Planté mwaka 1859. Mambo haya mawili yalikuwa bado hayajakutana. Yalipokutana, wasemaji wa Kiswahili hawakukopa neno geni kwa ile nguvu; walilipanua neno lao, likashuka kutoka mawinguni hadi kwenye waya. Huu ni mfano mzuri wa kuunda istilahi kwa kupanua maana.

Kwa chombo chenyewe, ilikuwa kinyume. Neno betri lilikopwa pamoja na kitu chake. Katika Kiingereza neno hilo lilikuwa la askari, maana yake safu ya mizinga. Katika miaka ya 1740 Mmarekani Benjamin Franklin alilitumia kwa safu ya chupa za kuhifadhia umeme, kwa kuwa chupa zile zilifanya kazi pamoja kama mizinga iliyopangwa. Basi asili ya neno ni wingi wa vitu vilivyoungwa, na betri ya gari bado iko hivyo: ile ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa volti mbili hivi, na ile ya volti 6 ina seli tatu. Mswahili alipolipokea neno hakuipokea historia hiyo. Kwake betri ni kitu kimoja, na ndiyo maana ilibidi neno seli likopwe tena baadaye ili kutaja kilichomo ndani.

Mawe, risasi na maji

Vijijini wengi waliijua betri ya tochi na redio kabla ya ile ya gari, nao wakaipa jina la mawe: mawe ya tochi, mawe ya redio. Jina hili lilitolewa kwa umbo na ugumu wa kitu. Kwa mtumiaji wa tochi lilitosha kabisa, maana jiwe likiisha hutupwa. Lakini halikuweza kuvuka kwenda garini, kwa sababu betri ya gari haitupwi inapoisha nguvu. Hutiwa chaji upya. Tofauti hiyo ni ya utendaji, wala si ya umbo, na jina la mawe halikuwa na nafasi ya kuibeba.

Tukifungua betri ya gari twakuta sahani za risasi. Hapa pana mtego kwa kijana wa leo, ambaye akisikia risasi huwaza bunduki. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini yenyewe, laini na mazito. Kipande kirukacho kutoka katika bunduki kilipata jina hilo kwa kuwa kilitengenezwa kwa madini hayo. Kwa hiyo fundi asemapo sahani za risasi anarudia maana ya awali, naye hana kosa.

Kubwa zaidi ni maji ya betri. Kiowevu kilicho kati ya sahani ni asidi ya salfuri iliyochanganywa na maji. Betri inapofanya kazi muda mrefu, kinachopungua kwa kawaida ni maji, wala si asidi. Hivyo kinachopaswa kuongezwa ni maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi. Lakini msemo maji ya betri hauonyeshi ni kipi kati ya viwili hivi kinachotajwa. Mtu aliyetumwa dukani kwa msemo huo akirudi na asidi na kuitia ndani, ataharibu sahani, na yakimrukia machoni atapata madhara makubwa. Yafaa mwalimu na mwandishi waseme asidi ya betri kwa kile kiungulizi, na maji yaliyokenekwa kwa yale ya kuongeza, wala wasiyaache yote mawili chini ya jina moja.

Magari mawili ya zamani

Sasa tuje kwenye shabaha ya makala. Na tuseme magari mawili ya kulala yamesimama Mahongole, yote mawili ya miaka ya mwanzo ya 1960, na yote mawili betri zake zimekufa.

La kwanza ni Volkswagen, lile ambalo Afrika Mashariki yote huliita kombi. Jina hilo limefupishwa kutoka neno refu la Kijerumani lenye maana ya gari la kazi mchanganyiko, yaani abiria na mizigo. Gari hili lilianza kutengenezwa mwaka 1950, na hadi katikati ya mwaka 1966 lilitumia umeme wa volti 6. Baada ya hapo likahamia volti 12. Fundi asiyetazama akitia betri ya volti 12 katika kombi ya mwaka 1962, taa zitaungua.

La pili ni Land Rover iliyogeuzwa kuwa gari la kulala na kampuni ya Martin Walter ya Folkestone, Uingereza, ikaitwa Dormobile, yenye paa la kunyanyuka. Hili ni la volti 12, kama magari mengi ya leo, na fundi angeweza kudhani kwamba halina fumbo. Fumbo lake liko kwingine. Katika miaka ya 1930 watengenezaji wengi wa magari wa Uingereza walichagua kuunga kichwa chanya cha betri kwenye bodi ya gari. Land Rover ilifuata desturi hiyo hadi mwaka 1967, ndipo ilipogeuza, ikaunga kichwa hasi kwenye bodi kama yafanyavyo magari karibu yote ya sasa. Kombi ya Mjerumani ilikuwa ya hasi kwenye bodi tangu mwanzo.

Ethi si hasi

Katika gari, umeme hutoka betrini kwa waya hadi kwenye taa au stata, kisha hurudi kwa kupitia bodi ya chuma. Waya ule mnene unaounga betri na bodi, mafundi huuita ethi. Vitabu na shule vimetupa jozi nyingine ya maneno, chanya na hasi, na jozi hii imefanikiwa sana: imetoka katika hisabati na fizikia ikaingia hata katika mazungumzo ya siasa na tabia za watu, ingawa mfugaji akisikia hasi huenda kwanza akakumbuka kitenzi cha kumfanya fahali kuwa maksai.

Kwa kuwa tangu mwisho wa miaka ya 1960 ethi ya magari karibu yote imekuwa upande wa hasi, maneno haya mawili yamezoea kukaa pamoja hadi yakadhaniwa kuwa ni pacha. Hasi ni jina la ncha ya betri, nayo haibadiliki popote betri iendapo. Ethi ni jina la kazi ya waya ndani ya gari, na kazi hiyo yaweza kupewa ncha yoyote kati ya mbili.

Tuone matokeo yake. Maagizo ya kawaida ya kubadilisha betri husema: fungua hasi kwanza, na unaporudisha, funga hasi mwisho. Sababu yake ni hii. Spana ikiwa juu ya kichwa kilichoungwa na bodi, hata ikigusa bodi hakuna kinachotokea. Kichwa hicho kikishafunguliwa, spana yaweza kugusa bodi wakati wa kufungua kile cha pili bila hatari, kwani njia ya umeme imekatika. Katika kombi yetu agizo hilo ni sahihi. Katika Land Rover ile ni kinyume kabisa: hasi ndicho kichwa chenye moto, na spana ikigusa bodi kabla ethi haijafunguliwa, umeme wote wa betri utapita ndani yake. Cheche zitaruka, na kama betri ilikuwa ikichajiwa muda si mrefu, gesi ya haidrojeni iliyojikusanya juu yake yaweza kulipuka.

Agizo lile lile likiandikwa fungua ethi kwanza, funga ethi mwisho, ni sahihi kwa magari yote mawili. Neno la gereji limehifadhi maarifa ambayo neno la darasani, kwa usanifu wake wote, halikuundwa kuyabeba.

Tena kuna hatari ya kimya. Fundi akiifunga betri mpya katika Land Rover hiyo kwa mazoea ya leo, hasi kwenye bodi, taa zitawaka na stata itazunguka upande wake ule ule. Ataamini kazi imekwisha. Lakini dainamo bado ina usumaku wa mwelekeo wa zamani. Injini ikishika kasi, dainamo na betri hazitapingana bali zitasukumana, na kikatio cha umeme kitaungua. Kinyume chake, gari la baadaye lenye alteneta likigeuziwa ncha, diodi zake huungua papo hapo. Wala mwaka wa gari hautoshi kuwa ushahidi, maana wenye magari wengi wameyageuza baadaye. Njia salama ni kuufuata waya kwa mkono hadi kwenye bodi, kisha kutazama umetoka kichwa gani. Anayejua maana ya ethi atafanya hivyo bila kuambiwa.

Kutafsiri ethi

Wapo wanaopendelea kuliacha neno ethi kwa kuwa ni la kukopa, na kusema waya wa ardhi. Kwa umeme wa nyumbani pendekezo hilo lina haki, kwani waya ule huzikwa ardhini kweli. Garini halifai. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira, na umeme wake hauhitaji ardhi hata kidogo. Wajerumani huita sehemu hiyo kwa neno lenye maana ya tungamo, yaani lile fungu kubwa la chuma, nao wako karibu zaidi na ukweli. Kiswahili nacho kina njia yake: waya wa bodi. Neno bodi limeshazoeleka kwa mafundi, na msemo huo unaeleza waya unakwenda wapi.

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka ule ule Land Rover ilipogeuza ncha zake. Tangu hapo kazi kubwa ya istilahi imefanyika, na jozi ya chanya na hasi ni miongoni mwa matunda yatakayodumu. Tunalopendekeza si kuiondoa, bali kuiwekea mpaka. Chanya na hasi ziwe istilahi za ncha za betri; ethi, au waya wa bodi, iwe istilahi ya muungano wa betri na gari; na maagizo yote ya kufungua na kufunga betri yaandikwe kwa istilahi hii ya pili.

Aidha, tunapokusanya maneno ya ufundi, tusiishie kumwuliza fundi kitu fulani kinaitwaje, kisha tukatafuta kisawe chake katika orodha. Tumwulize pia akikosea neno hilo nini kitaharibika. Pale Makambako, asubuhi ya baridi, jibu lake litakuwa fupi, na litatuonyesha maneno yapi hayawezi kuunganishwa hata kama yamekaa pamoja miaka mingi.