Swali Lilivyosafiri Nyanda za Juu Kusini

Zamani, mtu wa Mbeya au Iringa aliyetatizwa na jambo alimwendea mwalimu, bwana shamba, padri au mzee wa mtaa. Na aliyejaaliwa kusoma aliingia maktaba, tunda la sheria ya 1963 iliyounda Huduma za Maktaba Tanganyika. Ama kompyuta, serikali ilipiga marufuku isiingizwe nchini mwaka 1974, baada ya jaribio la kuendesha hesabu za Hazina kwa mitambo kwenda mrama (marufuku ambayo vijana wa leo huicheka, ingawa nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni ilikuwa na haki ya kusita), na masharti hayo hayakulegezwa barabara mpaka miaka ya 1990. Chuo cha Ufundi Mbeya kilipofunguliwa mwaka 1986, kompyuta ilikuwa ingali kitu cha kusimuliwa.

Huko ughaibuni, mwaka 1990, Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma Montreal, aliunda Archie, programu ya mwanzo ya kutafuta mafaili yaliyotawanyika mtandaoni. Na mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin wakaanzisha Google, ambayo hekima yake ilikuwa kuupa ukurasa hadhi kwa kadiri kurasa nyingine zinavyouelekezea viungo.

Chombo hicho kilipofika nyanda za juu mwanzoni mwa karne hii, kilikaa katika vyumba vya intaneti kafee, ambako mawasiliano yalipitia setilaiti, mteja akilipa kwa muda, na ukurasa mmoja ukifunguka taratibu kutoka juu kwenda chini huku pesa zikiyeyuka. Mwanafunzi wa programu alifika na daftari ambalo ndani yake amenakili neno kwa neno ujumbe wa kosa uliotolewa na kompyuta ya chuo isiyo na mtandao, akauandika wote, pamoja na jina la faili lake mwenyewe, asipate kitu. Hata alipofahamu kwamba hakuna mtu duniani aliyekosea ndani ya faili lenye jina hilo, akalifuta jina, akabakisha maneno ya kosa peke yake, ndipo majibu yakamiminika. Alinakili jawabu kwa kalamu au kulitia katika flashi, akarudi chuoni kulijaribu, na aghalabu ilidhihirika kuwa taabu yote ilitokana na nukta-mkato moja iliyosahauliwa. Mimi naona huo ulikuwa ufundi wa haki, kwa maana aliyelipia kila dakika alilazimika kulitengeneza swali kabla ya kuliuliza.

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulitia nanga Dar es Salaam, na ule wa taifa ukapandishwa bara kupitia Iringa na Mbeya hadi mpaka wa Zambia, Tunduma. Mbeya ikapata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Simu za mkononi zikaingia vijijini, na intaneti kafee zikafungwa moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo maswali ya kila siku yalipojiunga na yale ya wanaprogramu. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, mdudu wa asili ya mabara ya Amerika, walipoingia mahindi ya nchi hii, mkulima mwenye simu aliweza kutafuta dawa akiwa shambani. Walakin aliyeuliza kwa Kiingereza alifunguliwa hazina ya utafiti, ilhali aliyeuliza kwa Kiswahili alipewa habari chache zilizorudiwarudiwa na matangazo ya wauza dawa. Kijana wa programu naye angali hivyo hivyo: hufikiri kwa Kiswahili, huuliza kwa Kiingereza, kisha humfafanulia mwenziwe kwa Kiswahili, na ufafanuzi huo mzuri hupotea hewani.

Lawama hii si ya mtambo, kwani hauokoti kisichoandikwa. Basi enyi watafiti wa kituo cha kilimo cha Uyole, Mbeya, na nyinyi walimu wa kompyuta wa Mbeya na Iringa, yale mnayoyaeleza kila siku kwa ufasaha madarasani na mashambani yaandikeni kwa Kiswahili, myaweke mtandaoni yasomwe bure, pamoja na majina ya wadudu na ya makosa ya programu kama watu wanavyoyataja.