Banda la Motokaa na Akiba ya Nyumbani

Neno gereji asili yake ni Kifaransa, na maana yake ya awali ni mahali pa kuweka chombo kwa salama. Katika Afrika ya Mashariki hulikumbusha sikio mafundi, spana na mafuta meusi. Walakini huko Marekani, mbali na karakana ya mafundi, ni pia jina la banda la kulaza motokaa nyumbani. Historia ya banda hilo ni historia ya mgeni aliyejengewa chumba, kisha akatolewa nje na mizigo ya wenyeji wake.

Motokaa za kwanza zilikuwa mali ya matajiri, nao walizilaza katika mabanda ya farasi. Petroli ilihofiwa kwa moto, na kwa sababu hiyo banda lilitengwa nyuma ya kiwanja, mbali na nyumba. Mwaka 1908 kiwanda cha Henry Ford kilitoa motokaa iitwayo Model T kwa dola 850. Ilipofika mwaka 1925 bei ilikuwa imeshuka hata dola 260, na uundaji wake ulipokoma mwaka 1927 zilikuwa zimekwisha tengenezwa zaidi ya milioni 15. Kilichokuwa fahari ya wachache kikawa chombo cha mkulima na mfanyakazi, na banda likawa haja ya watu wengi. Mwaka 1921 C. G. Johnson alibuni mlango upandao juu, badala ya milango miwili iliyofunguka kwa nje na kuzuiwa na theluji. Mlango ulipendeza. Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Hofu ya moto ilipopungua, banda lilisogea karibu na nyumba hata likashikamana nayo. Wakati huo huo ghala za zamani za nyumbani zilianza kutoweka. Nyumba za Levittown, karibu na New York, zilizoanza kujengwa mwaka 1947, hazikuwa na chumba cha chini ya ardhi. Na nyumba nyingi za California ni vivyo hivyo. Basi mahali pengine palipokuwapo banda, vitu vilivyokuwa vikishushwa chini vilipelekwa huko: baisikeli, makopo ya rangi, kitanda cha mtoto aliyekwisha kua. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilikuwa na ukubwa wa motokaa.

Msanifu Frank Lloyd Wright aliona hatari hiyo mapema. Yeye mwenyewe alikuwa ameiunganisha nyumba ya Robie, mjini Chicago, na banda la motokaa tatu, nayo ilikamilika mwaka 1910. Baadaye aligeuka. Katika nyumba ya Jacobs, mjini Madison, iliyokwisha mwaka 1937, alijenga paa lililo wazi, lisilozungukwa na kuta pande zote wala kuwa na mlango. Hoja yake ilikuwa kwamba motokaa si farasi hata ihitaji zizi, na kwamba chumba kilichofungwa huvuta makorokoro. Dawa yake ni kali: aliondoa kishawishi kwa kuondoa mlango na baadhi ya kuta. Lakini nyundo na msumeno havifai kulala penye unyevu, na aliyezoea kurundika hupata pembe nyingine ya kurundikia.

Dawa ya pili ni ya upole. Mwaka 1961 Paul Child alitundika ubao wenye matundu na kulabu katika jiko la mkewe Julia, mpishi mashuhuri, huko Cambridge, Massachusetts, akachora juu yake umbo la kila sufuria. Jiko hilo lilitolewa kwa makumbusho ya Smithsonian mwaka 2001. Ubao wa namna hiyo hutumika sana katika mabanda ya motokaa, na hekima yake ni mbili. Umbo lililo wazi hutangaza chombo kilichokosekana. Na chombo kisicho na umbo ubaoni hutangaza kwamba kimeletwa bila kufikiriwa mahali pake.

Kati ya mwaka 2001 na 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichunguza nyumba za jamaa 32, na kitabu chao kikatoka mwaka 2012. Waliona kwamba katika kila mabanda manne, matatu hayakuwa na nafasi ya motokaa. Chombo cha thamani kilikesha juani na mvuani, na vitu visivyotumika vikalala chini ya paa.

Wenye mabanda hayo wangeweza kujitetea kwa methali kwamba akiba haiozi. Utetezi huo haufai kudharauliwa, kwa maana maskani nyingi zimeokolewa na kitu kilichowekwa. Walakini akiba hujulikana idadi yake, mahali pake na haja yake. Kitu ambacho mwenyewe amesahau kwamba anacho si akiba. Ni uamuzi ulioahirishwa, ukatiwa katika sanduku. Ndiyo maana kupanga banda ni kazi nzito kuliko kununua rafu: humlazimu mtu kukiri kwamba mtoto amekua, kwamba ufundi aliokusudia kujifunza hakujifunza, na kwamba chombo cha marehemu baba chafaa kutumiwa au kupewa atakayekitumia. Akishakiri hayo, kulabu chache humtosha, na mgeni wa kwanza hurudi chumbani mwake.