Ureno: Moto ukizimika, kazi ya kuondoa kuni za moto ujao huanza

Moto wa msituni unapozimika, hatari haiondoki pamoja na moshi. Wakazi wa vijiji vya katikati mwa Ureno wanalifahamu hilo tangu moto uliozuka Pedrógão Grande tarehe 17 Juni 2017 na kuua watu 66. Kati yao, 47 walipoteza maisha katika barabara ya 236-1 na kandokando yake, walipokuwa wakijaribu kukimbia.

Mabaki yanayosubiri cheche

Moto huteketeza majani, nyasi na matawi membamba, lakini vigogo vingi hubaki vimesimama vikiwa vimekufa. Miaka michache baadaye huanguka na kulaliana, huku vichaka vipya vikiota katikati yake. Mchanganyiko huo wa magogo makavu na vichaka ndio unaoweza kuulisha moto wa pili.

Nchini Ureno tatizo huongezwa na mikaratusi, miti inayofahamika pia katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambayo huko hupandwa kwa ajili ya viwanda vya karatasi. Mkaratusi ulioungua huchipua tena kwenye kisiki, na mbegu zake hudondoka juu ya majivu na kuota. Shamba lisilohudumiwa hugeuka msitu mzito kuliko ule wa awali.

Kazi ya mashine

Njia mojawapo ya kupunguza hatari hiyo ni kuondoa mabaki kwa mashine. Miti iliyokufa hukatwa kwa misumeno ya injini, kwanza ile inayoweza kuangukia barabara, nyumba na nyaya za umeme. Vichaka husagwa papo hapo, na magogo huvutwa hadi barabarani ili yauzwe au yachomwe katika mitambo ya kuzalisha umeme. Visiki vya mikaratusi hung'olewa pale ambapo mti huo hautakiwi tena, kwani kuukata pekee hakuuui.

Hata hivyo, mashine nzito hushindilia udongo, na kwenye miteremko iliyoungua mvua ya kwanza huweza kuusomba. Kwa sababu hiyo, baadhi ya matawi hulazwa kukatiza mteremko, mithili ya makinga maji.

Nani agharamie?

Sheria ya mwaka 2006 iliwataka wenye ardhi kusafisha eneo la mita 50 kuzunguka nyumba, na wasimamizi wa barabara kusafisha ukanda wa mita 10 kila upande. Kwa miaka mingi haikutekelezwa ipasavyo. Baada ya maafa ya 2017, serikali iliweka tarehe 15 Machi 2018 kuwa mwisho wa kazi hiyo na kuongeza faini maradufu, hadi euro 10,000 kwa mtu binafsi.

Lakini sehemu kubwa ya misitu ya Ureno ni vipande vidogo vya watu binafsi. Wamiliki wengi ni wazee, wengine wamehamia mijini au ng'ambo, na gharama ya mashine huweza kuzidi thamani ya miti yenyewe. Mwaka 2022 mahakama ya Leiria iliwaachia huru washtakiwa wote 11 katika kesi ya vifo vya Pedrógão Grande, kesi ambayo iligusa pia wajibu wa kusafisha kando ya barabara na chini ya nyaya za umeme.

Mfano wa kijiji kimoja

Katika kijiji cha Ferraria de São João, wakazi waliona kwamba mialoni, ambayo magamba yake hutengenezewa vizibo vya chupa, ilipunguza makali ya moto huo wa Juni 2017. Walikubaliana kung'oa mikaratusi katika ukanda wa mita 100 kuzunguka kijiji, bila kujali mipaka ya mashamba, na kupanda miti isiyoshika moto haraka.

Ukanda huo nao huhitaji kufyekwa kila mara. Mashine huweza kuondoa mabaki ya moto kwa majuma machache, lakini vichaka hurudi, na bila watu wa kuendelea kuvifyeka, hatari hurejea palepale.