Haki zako husomwa saa ngapi?

Wadau, jamaa yangu mmoja aliwahi kulala mahabusu kwenye kituo fulani cha polisi hapa mjini (jina la kituo naliweka kapuni). Alipotoka kwa dhamana alikuwa na hoja moja tu: "Kesi itakufa hii, kaka. Waliponitia pingu hawakunisomea haki zangu."

Nikamuuliza hilo kalitoa wapi. Kwenye sinema, wapi pengine!

Ikabidi nifukue historia yenyewe. Tarehe 13 Machi 1963, mjini Phoenix, jimbo la Arizona, polisi walimchukua Ernesto Miranda, kijana wa miaka 22 aliyeacha shule mapema. Alituhumiwa kumteka na kumbaka binti wa miaka 18. Baada ya kuhojiwa kama saa mbili, akaandika maelezo ya kukiri na kuyasaini. Juu ya karatasi ile palikuwa pameshachapwa maneno kwamba anakiri kwa hiari, akizifahamu haki zake za kisheria. Kumbe hakuna aliyemwambia kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Akahukumiwa kifungo cha miaka 20 hadi 30.

Rufaa ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 13 Juni 1966, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakaifuta hukumu. Aliyeandika uamuzi ni Jaji Mkuu Earl Warren, ambaye zamani alikuwa mwendesha mashtaka, kwa hiyo kazi ya polisi aliijua vizuri. Akasema mtuhumiwa aambiwe mambo manne: anaweza kunyamaza, atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake mahakamani, ana haki ya kuwa na wakili, na kama hana uwezo atawekewa mmoja.

Sasa hapa ndipo sinema zinapotupoteza. Saa ya kuambiwa hayo si saa ya pingu, ni kabla ya mahojiano. Lazima mambo mawili yakutane: uwe chini ya ulinzi, na uwe unahojiwa. Wakikukamata wasikuulize kitu, hawajakosea kwa kutokukusomea. Na wakikuhoji bila kukusomea, kesi haifi. Kwa kawaida kinachokataliwa ni yale uliyoyasema kutumika kama ushahidi wa kukutia hatiani.

Miranda mwenyewe ni mfano. Mwaka 1967 alishtakiwa upya bila ile karatasi. Mwanamke aliyewahi kuishi naye akatoa ushahidi kwamba alimweleza kosa lake. Akatiwa hatiani tena, miaka ile ile 20 hadi 30. Alitoka kwa parole mwaka 1972, na mwaka 1976 akachomwa kisu na kufa kwenye baa huko huko Phoenix. Kwa hiyo wanaosema haki hizi ni za kuwaachia wahalifu, kesi yenyewe inawakatalia.

Turudi nyumbani. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 nayo inaangalia mahojiano. Kabla ya kukuhoji ukiwa chini ya ulinzi, polisi anatakiwa akutajie jina na cheo chake, akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, na akuonye kwamba hulazimiki kujibu, na kwamba utakachosema kinaweza kuwa ushahidi. Ndiyo maana yanaitwa maelezo ya onyo. Pia unaweza kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.

Nikamuuliza jamaa: "Maelezo ulisaini?"

"Nilisaini. Niliambiwa nikisaini naondoka mapema."

"Uliyasoma?"

Akanyamaza. Ukimya ule, wadau, alikuwa anauhitaji usiku ule, kabla hajashika kalamu. Wewe ukiletewa karatasi, sahau pingu. Soma kwanza.